Kabla Hujalipia Kitabu cha Access



Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwa watu wa ofisi ndogo zenye kumbukumbu nyingi: mweka hazina wa SACCOS, karani wa zahanati, mwalimu wa taaluma, mtunza ghala la dawa, katibu wa chama cha ushirika. Ofisi hizi hazina uwezo wa kuajiri mtaalamu wa kompyuta wa kudumu. Kazi yote ya takwimu inamwangukia mtu mmoja aliyeonekana ana mkono mwepesi kwenye kibodi. Mtu huyo ameanzia Excel, na Excel imemsaidia kweli. Halafu mafaili yakaongezeka, jina la mwanachama mmoja likaandikwa kwa namna tatu katika mafaili matatu, mwenyekiti akaomba orodha ya wadaiwa ikachukua siku mbili kupatikana. Ndipo akashauriwa ahamie kwenye programu ya kanzidata, na kwa kuwa kompyuta ya ofisi inatumia Windows na ina Microsoft Office, programu hiyo mara nyingi ni Microsoft Access.

Anaifungua, anakuta ukurasa mtupu usiomwambia aanzie wapi. Kisha anauliza swali ambalo nimeulizwa na wengi: ninunue kitabu gani?

Nitavitaja vitabu kwa majina kabla hatujaagana. Ila nivumilieni kidogo kwanza, maana vitabu hivi ni vinene, karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na bei yake ni mzigo kwa mtu wa mshahara wa kawaida. Anayejinyima ili anunue kitabu cha kazi anastahili kujua analipia nini. Nami nina msimamo ambao nitautetea leo: kitabu cha rejea cha kanzidata kipimwe kwanza kwa jinsi kinavyofundisha kupanga majedwali na kuyaunganisha. Mwaka wa toleo, unene na wingi wa picha vitafuata baadaye sana.

Kuna aina mbili za vitabu ambazo watu huzichanganya dukani. Aina ya kwanza inakushika mkono: bonyeza hapa, andika hivi, sasa hifadhi. Mfululizo wa Step by Step wa Microsoft Press ni wa namna hiyo. Unakaa nacho mbele ya kompyuta kuanzia sura ya kwanza, wiki chache zikipita kimekwisha kazi yake, na ni kazi njema. Aina ya pili huisomi mfululizo. Unaiendea ukiwa na swali, saa kumi jioni, ripoti inatakiwa kesho asubuhi, na jumla ya mikopo kwenye skrini imekataa kulingana na jumla ya kwenye leja. Saa hiyo zoezi halikufai kitu, unataka ukurasa wenye jibu. Wengi hununua aina ya kwanza wakitegemea huduma ya aina ya pili, kisha wanavunjika moyo na kudhani vichwa vyao ndivyo vizito. Si hivyo. Wamenunua kitabu cha kazi nyingine.

Kwa hiyo ukikishika kitabu, usianze na jalada wala dibaji. Fungua nyuma kabisa, penye faharasa, ile orodha ya maneno yenye namba za kurasa. Kitabu cha kurasa elfu moja chenye faharasa ya kurasa nne hakikutungwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Wapo watakaosema kwamba siku hizi kitabu kiko kwenye PDF, faharasa ya nini wakati unaweza kutafuta neno? Jaribu kutafuta neno la tarehe katika kitabu kizima cha Access: utaletewa mamia ya mahali. Faharasa iliyotungwa na mtu makini inajua ukurasa upi unalieleza jambo na upi umelitaja kwa kupita tu.

Sasa, ukiwa kwenye faharasa, utafute nini? Mimi nina maswali ambayo hukiuliza kila kitabu cha Access kinachopita mikononi mwangu, na yote yametoka kwenye kazi za huku kwetu.

La kwanza ni la tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, halafu mwezi, halafu mwaka. Tarehe 3 mwezi wa 4 kwetu ni 3/4. Kwa Mmarekani hiyo ni tarehe 4 mwezi wa 3. Ukitengeneza ulizo (query) katika Access kwa kutumia jedwali la vigezo, programu inafuata mpangilio wa kompyuta yako na mambo yanakwenda sawa. Lakini ukiandika tarehe hiyo moja kwa moja ndani ya SQL, lugha ya kuandikia maulizo, au ndani ya msimbo wa VBA, lugha ya programu iliyomo ndani ya Access, Access inasoma Kimarekani, hata kompyuta yako uwe umeipangia Tanzania au Kenya. Hatari yenyewe iko hapa: ukiandika 25/4, programu inaona kwamba hakuna mwezi wa 25, inageuza kimyakimya na kukupa tarehe 25 Aprili, kama ulivyotaka. Ukiandika 3/4, inakupa Machi 4 bila onyo lolote. Siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi, isipokuwa ile ambayo namba ya siku na ya mwezi ni moja, zinapinduka, na zilizobaki zinatoka sahihi. Karani anajaribu na tarehe za mwisho wa mwezi, anaona kila kitu ni shwari, anakabidhi ripoti. Marejesho ya mikopo yanahesabiwa kwenye mwezi usio wake, mtu aliyelipa kwa wakati anaandikiwa faini. Kitabu kinachostahili fedha yako kinalionya jambo hili waziwazi, na kinakuonyesha namna salama ya kuandika tarehe, kwa mfano kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Waandishi wa Marekani wanaoandikia Wamarekani wenzao husahau, kwa kuwa wao halijawahi kuwauma. Ukikuta mwandishi amelikumbuka, jua ni mtu aliyewasikiliza wasomaji wa nchi nyingine.

Swali la pili ni la shilingi. Katika VBA kuna aina ya namba nzima inayoishia 32,767. Mwandishi anayehesabu kwa dola anaweza kuitumia kwenye mifano yake siku nzima bila tatizo. Wewe ukiunakili mfano wake kwenye msimbo unaohesabu shilingi, rejesho la kwanza la elfu arobaini linausimamisha na ujumbe kwamba namba imefurika. Tena kuna mtego ndani ya mtego: ukiandika kwenye msimbo 300 mara 200, Access inakataa, ijapokuwa jibu ni 60,000 tu na umeliandalia mahali pakubwa pa kukaa. Sababu ni kwamba namba zote mbili ulizoziandika ni ndogo, kwa hiyo hesabu nayo inafanyika ndani ya kipimo kile kidogo. Aina ya namba inayofuata kwa ukubwa inaishia bilioni mbili na kidogo, ambayo kwa jumla ya mikopo ya SACCOS iliyokomaa si namba ya kutisha. Fedha ina aina yake mahususi ndani ya Access, yenye nafasi nne za desimali zisizoyumba na uwezo wa kubeba matrilioni. Tafuta kwenye faharasa ukurasa unaofafanua aina za data. Kama pana jedwali linaloonyesha kila aina inaanzia wapi na kuishia wapi, na sababu ya kuchagua moja badala ya nyingine, umepata kitabu cha mtu mwenye uzoefu.

Nambari za utambulisho nazo zina mkasa wake. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20. Ukiipa uga wa namba wa aina ya Double, kompyuta inakumbuka tarakimu kama 15 za mwanzo, zilizobaki inazipoteza, na huwezi kuzirudisha. Namba ya simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake. Vitu hivi viandikwe kama maandishi, kwa kuwa hakuna anayejumlisha namba za simu. Kitabu kizuri hukupa kanuni hiyo mapema: kisichofanyiwa hesabu kisiwekwe kwenye uga wa namba. Na kitakueleza pia kwamba namba zinazojizalisha zenyewe ndani ya Access huruka. Ukianza kuandika rekodi ukaghairi, namba ile imekwenda na haitarudi. Zinafaa kuwa ufunguo wa jedwali, hazifai kuwa namba za stakabadhi, na mkaguzi wa hesabu atakayekuta pengo kati ya stakabadhi ya 118 na ya 120 atakuuliza wewe, si Microsoft.

Hayo ni majaribio ya dakika kumi dukani au maktaba. Jaribio kubwa zaidi linahitaji ukae chini, usome sura mbili za mwanzo.

Angalia mwandishi anaanzia wapi. Wapo wanaoanza na vitufe: hii ni riboni, hapa pana fomu, ona jinsi ya kubadili rangi. Kufikia ukurasa wa hamsini umetengeneza fomu ya kupendeza juu ya jedwali lililopangwa vibaya. Wapo wanaoanza na karatasi na kalamu. Wanakuuliza: ofisi yako inashughulika na nani na nini? Wanachama, mikopo, marejesho, hisa. Kila kimoja ni jedwali lake. Mkopo ni wa mwanachama gani? Rejesho ni la mkopo upi? Huo ndio uhusiano.

Nitawapa mfano wa karatasi ya Excel ambayo nimeiona kwa sura nyingi katika vyama vya kuweka na kukopa. Kila mwanachama ana mstari mmoja. Kwenye mstari huo kuna jina, simu, kiasi cha mkopo, kisha safu ya rejesho la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la kumi na mbili. Mwaka unakwenda vizuri. Halafu chama kinaanza kutoa mikopo ya miezi kumi na minane, karani anaongeza safu sita. Mwanachama mmoja analipa mara mbili ndani ya mwezi, hana pa kuliweka la pili, analijumlisha na la kwanza, na tarehe moja inapotea. Mwingine anamaliza mkopo na kuchukua mwingine: afute wa kwanza, au amwandikie mstari wa pili wenye jina na simu upya? Anapobadili namba ya simu, mstari mmoja unarekebishwa, wa pili unasahaulika. Mtu huyu akihamisha karatasi hiyo kama ilivyo kwenye Access, amehamisha maradhi yote pamoja nayo, na hakuna fomu wala ripoti itakayoyatibu. Ukiwa na jedwali la marejesho ambamo kila malipo ni mstari wake wenye tarehe, kiasi na namba ya mkopo, basi mkopo wa miezi mitatu na wa miaka mitatu inakaa mahali pamoja bila kuongeza safu hata moja.

Elimu hii ina umri mkubwa kuliko Access. Aliyeiwekea msingi ni Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California. Makala yake ilitoka Juni 1970 katika jarida la Communications of the ACM. Access ilitoka Novemba 1992, na programu nyingine nyingi za kanzidata zilizotoka kabla na baada yake zimesimama juu ya wazo lile lile. Ndiyo maana nasema mwaka wa toleo usikutishe. Sura inayoeleza vizuri upangaji wa majedwali, hata iwe imeandikwa wakati wa Access 97, leo ni sahihi kama siku ilipochapwa.

Ndani ya sura za majedwali, tafuta vitu viwili. Kwanza, mwandishi aeleze namna ya kuiamuru Access ikatae rejesho lisilo na mkopo, au ikatae kumfuta mwanachama ambaye bado anadaiwa. Ni kisanduku kimoja unakitia alama wakati wa kuunganisha majedwali, na kimeokoa ofisi nyingi na aibu. Pili, akufundishe kuwapata wasiokuwepo. Mwenyekiti anasema: nipe wanachama ambao hawajawahi kukopa. Ukiunganisha jedwali la wanachama na la mikopo kwa namna ya kawaida, Access inakuletea waliomo kwenye majedwali yote mawili tu, yaani waliokopa. Wale unaowatafuta wameachwa nje bila kelele. Kuna aina nyingine ya muungano inayowaleta, na mwandishi akiipitia kwa sentensi mbili na kukimbilia chati za rangi, rudisha kitabu kwenye rafu.

Asije mtu akadhani haya ni mambo ya watu wadogo. Mfumo wa taarifa za afya unaoitwa DHIS, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 na ambao Wizara ya Afya ya Tanzania nayo inautumia, toleo lake la kwanza lilitengenezwa Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kutumia Microsoft Access. Baadaye ukaandikwa upya ili ukae kwenye intaneti. Mfumo wa wizara ulianza ndani ya programu ile ile iliyo kwenye kompyuta ya zahanati yako.

Tugeukie matoleo, maana najua wengi mnawaza hapo. Mnakuta kwa wauza vitabu vya mitumba kitabu cha Access 2003 kwa bei ya chai na maandazi, na pembeni yake cha Access 2019 kwa bei ya kukufanya ukae chini. Mpaka mkubwa katika historia ya Access ni mwaka 2007. Mwaka huo menyu za zamani ziliondolewa ikaja riboni, na faili likabadilika kutoka mdb kuwa accdb. Kitabu cha kabla ya hapo kitakuelekeza kwenye menyu usizoziona, na mgeni atachanganyikiwa. Kuanzia 2010 mpaka leo sura ya programu haijabadilika kiasi cha kukupoteza njia. Mwenye kitabu cha Access 2010 au 2013 hana sababu ya kujiona amepitwa.

Ila kuna sura ambazo zimekufa, na ni haki yenu kuzijua. Vitabu vya 2000 mpaka 2003 vina sura ndefu za kurasa za data za kwenye wavuti, na sura nyingine za kumpa kila mtumiaji nywila na ruhusa zake. Kurasa hizo ziliondolewa, na mfumo huo wa ruhusa haufanyi kazi kwenye mafaili ya accdb. Vitabu vya 2013 vinasifu programu za Access za kwenye wavuti, ambazo Microsoft ilizizima katika huduma yake ya SharePoint mwaka 2018. Vitabu vya Access 2000 na 2002 vinakusukuma utumie maktaba ya msimbo iitwayo ADO na kuiacha ya zamani, DAO. Baadaye Microsoft wenyewe wakairudia DAO, nayo ndiyo ninayokushauri ujifunze. Na msimbo wa zamani unaoita huduma za Windows moja kwa moja hautakubali kwenye Office ya biti 64 mpaka urekebishwe. Kwa hiyo ukinunua kitabu cha zamani, zihesabu sura hizo kuwa hazimo, kisha ujiulize kama zilizobaki zina thamani ya bei.

Jambo la mwisho la kupima kabla sijataja majina: mwandishi awe mkweli kuhusu mipaka ya programu yenyewe. Faili moja la Access halizidi gigabaiti 2. Kinadharia linaweza kufunguliwa na watu 255 kwa pamoja, lakini hakuna mtu mwenye busara atakayewapa hata nusu yao. Kitabu kikueleze kugawa kanzidata sehemu mbili, majedwali yakae kwenye kompyuta moja ya ofisi, fomu na ripoti zikae kwenye kompyuta ya kila mtumiaji. Kikuonye usiifungue kupitia Wi-Fi inayokatikakatika, kwa sababu muunganisho ukivunjika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Mahali ambapo umeme unakatika bila taarifa, sura ya chelezo na ya ukarabati wa faili ni ya kusomwa mapema. Nimeona vitabu vinavyoiweka mwishoni kabisa kama nyongeza, na hilo kwangu ni kasoro.

Haya, majina. Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu na hujawahi kupanga kanzidata, nunua Database Design for Mere Mortals cha Michael Hernandez. Hakifundishi Access. Hakifundishi programu yoyote. Kinafundisha kuhoji watu wa ofisi, kuorodhesha taarifa, kuzigawa kwenye majedwali na kuyaunganisha, kwa Kiingereza chepesi kinachosomeka na mtu wa kidato cha nne mwenye subira. Kilitoka mara ya kwanza katika miaka ya 1990 na kimeendelea kutolewa upya, toleo la nne mwaka 2020. Najua atakuwepo wa kulalamika kwamba amekuja kuuliza Access nikampa kitabu kisichokuwa na Access. Nimemsikia, na bado nasimama hapo hapo. Vitufe utavijua kwa kuvibonyeza. Mpango mbovu wa majedwali hutaugundua mpaka uwe umeingiza rekodi za miaka miwili.

Ukiweza kuongeza cha pili, kiwe cha rejea: Access 2019 Bible cha Michael Alexander na Dick Kusleika. Kina kurasa zaidi ya 1,000, na kinagusa kila kitu kuanzia majedwali mpaka VBA. Anayejisomea peke yake bila mwalimu, na anayetaka maelezo ya kirafiki zaidi, atamfurahia Matthew MacDonald katika Access 2013: The Missing Manual, ambacho kwangu ndicho chenye lugha safi kuliko vyote vya Access nilivyosoma. Anayezama kwenye maulizo amtafute John Viescas, aliyeandika na Hernandez kitabu cha SQL Queries for Mere Mortals. Na fundi anayetaka kuandika msimbo mzito, akikikuta popote kwenye mitumba kitabu cha Access Developer's Handbook cha Ken Getz na wenzake, asikiache, hata toleo la Access 2002, mradi akumbuke niliyoyasema kuhusu ADO na biti 64.

Wenye kompyuta za Mac, Access haipo kwenu. Kuna FileMaker, na ushauri wangu kuhusu Hernandez unawahusu vilevile. Wasiokuwa na leseni ya Microsoft, LibreOffice Base ni ya bure na mwongozo wake ni wa bure, unapakuliwa kama PDF. Tahadhari moja: Base, ikitumia injini yake ya ndani ya HSQLDB, huyashika mabadiliko kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuyaandika kwenye faili unapohifadhi, kwa hiyo umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi inaweza kupotea. Wakati nazungumzia programu za bure, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ilionyesha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kuzungumza lugha yetu. Natamani sana nione kitabu kamili cha kanzidata kwa Kiswahili, chenye SACCOS na zahanati ndani yake badala ya Northwind, ile kampuni ya kubuni ya kuuza vyakula inayojaza mifano ya Microsoft. Walimu wa vyuo mnaonisikiliza, nawaomba. Wanafunzi wenu wanajifunza mambo mawili kwa mpigo, kanzidata na Kiingereza cha kanzidata, na wengi wanakwama kwenye la pili wakati la kwanza wangeliweza.

Kitabu kitakapofika mkononi mwako, kompyuta iache imezimwa jioni hiyo. Chukua karatasi, andika majedwali ya ofisi yako, chora mistari ya kuyaunganisha, halafu umpelekee mtu anayeijua kazi ya ofisi lakini hajui kompyuta. Mweka hazina mstaafu anafaa kuliko fundi. Muulize: kuna jambo linalotokea humu ofisini ambalo karatasi hii haina mahali pa kuliweka? Atakutajia mdhamini wa mkopo, mwanachama aliyefariki na warithi wake, malipo yaliyorudishwa na benki. Kila analolitaja litafutie mahali, ukiwa na kitabu wazi kwenye sura ya majedwali, kabla hujaandika rekodi ya kwanza.

Wiki ijayo, saa kama hizi, nitazungumzia chelezo: iwekwe wapi, mara ngapi, na nani awe na ufunguo. Walio na maswali kuhusu vitabu nilivyovitaja leo watume ujumbe mapema, nami nitaanza na hayo.